Prezida kwa Sababu ya Viatu

Monga wangu,

Jambo toka Lubumbashi, niko nacheka peke yangu mu njia! Jana nilienda kuona korali ya kuimba ya bantu kama sisi: bamama benye kupenda bamama, banaume benye kupenda banaume. Balikuwa banachagua prezida: unaikala mu kiti, benye kukutaka banasimama nyuma yako. Mimi sikujua. Viatu vilikuwa vinaniuma, nikaikala. Kugeuka, korali yote iko nyuma yangu!

"Mimi niko mugeni!"

"Hiyo njo muzuri," mama mumoja akajibu, "haujagombana na muntu hapa."

Bakaniuliza naishi na nani kule Mitwaba. Kwetu nasemaka "dada yangu". Hapa nikasema: "Muke wangu, Monga." Makofi!

Kadi hii haina bahasha, muntu wa posta atasoma. Asome. Na yeye namusalimia.

Mama prezida wako,
Ngoie