Kaimati za Pweza

Jumapili, usiku

Mimi nimezaliwa na bahati yangu. Mwanangu Zuhura ananipeleka Osaka! Ndivyo nilivyotangaza leo kwa kinyozi hapa Tottenham, kifua mbele.

"Utakula nini huko, Mzee Side? Samaki mbichi?" kinyozi akanitania.

"Nimekula Osaka wewe hujaota ndevu!" Hilo kweli, enzi zangu za ubaharia.

Asubuhi, kabla sijaenda kwa kinyozi, Zuhura alinipigia, na Kiingereza chake, kuniuliza Osaka watu wanakula wapi. Nikafunguka kama redio. Tutakwenda kwenye vibanda vya kando ya mfereji, nikamwambia, tutakula vile vidude mfano wa kaimati, ndani pweza. Tutamuuliza mpishi kwanza kama ana nguruwe. Tuta...

Kisha akasema kwa Kiswahili, pole pole, "Baba, tiketi ni mbili. Mimi na mume wangu."

Na mimi ndiye niliyempigia hadithi za Osaka tangu yuko mdogo!

Nikamwambia vile vidude wavipulize kwanza, ndani vina moto, visije vikawaunguza ndimi.

Hakuna anayenipeleka Osaka.