Skrini Tatu za Papa Kazadi

Papa Kazadi,

Leo asubuhi wamekuja kuiondoa mashine yako. Wanaume wanne waliibeba juu ya blanketi, skrini tatu zikafuata, waya zikiburuta vumbini. Ofisi ya ramani imefungwa, Papa. Umeme unakuja siku unapotaka, pampu za machimboni zimenyamaza, wenzetu wa ofisi wanachimba kwa mikono kule Kamatanda. Mimi nauza unga wa muhogo hapa Likasi, mtaani Kikula.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya hayo.

Unakumbuka ulivyonipokea, msichana aliyetoka shuleni, sijawahi kugusa kompyuta? Tulikuwa na mashine tatu za Unix, kompyuta za kuchorea ramani za machimbo. Baada ya wanajeshi kupora mji ikabaki moja nzima. Wewe ukazifungua zile mbili zilizovunjwa, ukatoa kadi zake za picha, ukazipachika ndani ya ile iliyopona. Wote walicheka: skrini tatu kwa mashine moja, za nini? Ukanigeukia mimi.

"Mado, kwa écran moja unaona shimo. Kwa ya pili unaona maji. Kwa ya tatu unaona bantu beko wapi. Lazima uone byote mara moja."

Kila skrini ilitaka kadi yake na waya wake, na mashine ilitaka kuandikiwa ipi ni ya kwanza, ipi iko kulia kwake, ipi inafuata. Ukikosea, mshale wa kipanya unatoka upande mmoja na kutokea usikotarajia. Siku mshale ulipovuka skrini zote tatu bila kupotea, ulipiga makofi, mtu mzima na mvi zako.

Halafu ukaja wakati wa kuulizana nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Wewe ulizaliwa hapahapa, mtaa wa Panda. Baba yako ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba. Haikusaidia kitu. Vijana walikuja kukutoa nyumbani, wewe na Mama Ngalula na watoto, na kati yao alikuwa kaka yangu, tumbo moja na mimi. Mlienda kulala kwenye gare, na maelfu ya wengine, mkingoja treni isiyokuja.

Wiki tatu sikuja kukuona. Niliona aibu. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Chef, mkuu wetu wa ofisi, alinipa kiti chako, nami nikakikalia.

Kisha mtu akaisukuma meza, waya zikachomoka, na nilipozirudisha skrini ya tatu ikabaki nyeusi. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Nyeusi. Chef akasema nikishindwa mpaka kesho yake, atatafuta mwingine. Ndipo nikaja kwenye gare. Nilibeba mkate, Papa, lakini nilikuja kwa ajili ya skrini.

Ulikuwa umelala chini ya hema la plastiki, homa inakutikisa, Mama Ngalula anakupangusa uso. Nilikuuliza. Na wewe ulicheka! Ukachora kwa kidole juu ya kipande cha katoni.

"Kadi haikufa, Mado. Uliandika mbili tu. Machine haijue kama kuna ya tatu. Uiambie."

Nilipoinuka, Mama Ngalula akanipa pakiti tupu ya dawa ya homa. "Utuletee hii, mutoto yangu. Mbele ya jua kuzama." Nilijua pa kuipata, kwa muuguzi jirani yetu. Nikajibu, "Ndiyo, Mama."

Nikapitia ofisini kwanza. Nilijiambia ni dakika tano.

Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili iliwaka, lakini mshale ukaruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu. Nikageuza mpangilio. Nikasahau saa. Zilipowaka zote, shimo, maji, watu, nilifurahi, Papa. Siwezi kukudanganya, nilifurahi sana. Nilipotazama dirishani jua lilikuwa limezama na vijana wamefunga njia ya kwenda gare. Nikaenda nyumbani. Pakiti tupu ilikuwa bado mfukoni.

Asubuhi nilikuja na dawa. Walikuwa wamekwisha kukufunika.

Mama Ngalula hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinishika mikono yote miwili. "Mado, mu bantu bote ba ofisi, njo weye tu ulikuya." Nikaisukuma ile pakiti tupu chini zaidi mfukoni. Dawa nikampa mwanamke wa hema la pili. Baada ya siku mbili treni ikafika, ikamchukua Mama Ngalula na watoto, na wewe tukakuacha katika udongo ambao walisema si wako.

Kuna jambo moja zaidi. Mvua zilipoanza, niliona kwenye skrini ya pili maji yanapanda, na kwenye ya tatu zamu ya asubuhi imepangwa hapohapo chini. Nikakimbia kwa chef. Wakatolewa wanaume wote wa zamu, hata kofia hazikulowa. Chef alinisifu mbele ya watu, nikasema ni kazi yako. Jina lako lilisemwa ofisini siku hiyo, kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Tangu hapo, kila moyo unaponishtaki, naweka wale wanaume mbele. Nasema: kama ningeenda kwa muuguzi, nani angewatoa? Lakini mvua ilikuwa bado mbali siku ile. Skrini ingengoja mpaka kesho. Wewe hukuweza.

Mfanyabiashara mmoja amerudi kutoka Kasai. Amemwona Mama Ngalula, yuko Mwene-Ditu, na bado anawaambia watu kwamba mmoja wa Likasi alikuja. Mtu huyo anarudi huko Jumatatu. Nitampa barua. Nitamwandikia Mama nilikuwa wapi mchana ule na nilikuwa nafanya nini, na wale wanaume sitawataja.

Pumzika, Papa. Naenda kutafuta karatasi.

Mado