Jibu la Namba Kumi na Saba

Mikumi,
Jumatano, 12 Juni 2024.

Dada yangu mpendwa Magdalena,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana najua ukipata nguvu kidogo tu unakimbilia jembe. Kifua kinaendeleaje? Kile kikohozi cha alfajiri kimekwisha kweli, au ulisema hivyo kwenye simu ili nisihangaike? Na Yunis anameza dawa bila kulia? Mwambie mkojo kuwa na rangi ya chungwa ni dawa tu, asiogope, mjomba wake amesoma. Shemeji Boniface naye mpe shikamoo yangu.

Mimi mwili ni mzima. Kutulia ndiko kulikonishinda. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana. Nikiandika mistari miwili nasimama, natoka mpaka barabara kuu, natazama malori ya Zambia yakipita, narudi, nasoma nilichoandika, nasimama tena. Mama mwenye nyumba ameniuliza kama kuna mchumba anayenisumbua. Nimemwambia ni kazi.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara nne, dada. Kila mara, kabla sijaanza, unanishukuru kwa kukutafutia gari siku ile ulipoanguka shambani, nami nashindwa kuendelea. Nakuuliza habari za mvua, nakata.

Unajua nafanya kazi ya kompyuta kwa Daktari Optatus, ila sijawahi kukueleza vizuri. Ana vituo viwili, hiki cha Mikumi na hicho chenu cha Zombo. Makohozi na damu hupelekwa maabara Morogoro, na majibu wao huyaweka kwenye tovuti yao. Zamani mhudumu alikaa mbele ya kompyuta, akaandika jina la kituo na neno la siri, akangoja mtandao wetu huu unaokatikakatika, kisha akatafuta wagonjwa mmoja mmoja kwa namba. Watu wa Zombo walisubiri wiki nzima. Mimi nikaandika programu, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python, ikawa inaingia yenyewe kwenye tovuti, inachukua majibu na kumtumia kila mgonjwa meseji. Meseji ina namba tu bila jina, ili jirani akishika simu yako asijue habari zako. Wewe mwenyewe uliwatangazia wenzako wa kwaya kwamba ni mdogo wako aliyeitengeneza.

Sasa nivumilie kidogo, maana bila hili hutaelewa yaliyobaki. Ukishaandika neno la siri, tovuti inakupa alama ndogo ya maandishi, sisi tunaiita kuki. Kila ukirudi unaionyesha, na tovuti inakujua bila kukuuliza tena. Ni kama getini hapa hifadhini. Ukishaandikishwa unapewa karatasi, na huko ndani askari anasoma ile karatasi, hana haja ya kukuuliza jina. Programu yangu ilizihifadhi kuki kwenye faili, ili mtandao ukikatika isianze upya. Mikumi ilikuwa na faili lake, Zombo lake.

Mwezi wa pili nikaona najichosha bure kuendesha kitu kimoja mara mbili. Nikaunganisha, ianze Mikumi, ikimaliza iende Zombo moja kwa moja. Siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Nilisimama nyuma ya kiti naitazama. Upande wa Zombo, ambao siku zote ulichukua dakika tano kuingia, uliingia papo hapo. Nilipiga makofi peke yangu, dada. Nilijiona fundi.

Jumatatu yake programu iligoma. Nikadhani ni mtandao, sikufuatilia, nikarudia utaratibu wa zamani wa mafaili mawili. Kwa hiyo muungano ule ulifanya kazi siku moja tu. Ijumaa hiyo Zombo ilikuwa na jibu moja tu la kutuma, namba kumi na saba, na meseji yake ilisema vimelea vya kifua kikuu havikuonekana.

Namba kumi na saba ulikuwa wewe.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Wiki saba ulikunywa dawa ya kikohozi ya dukani kwa sababu simu ilishakuambia huna tatizo. Wiki saba ulilala kitanda kimoja na Yunis. Aprili ukaanguka shambani, tukakukimbiza hospitali Kilosa, wakapima upya, wakakukuta na kifua kikuu, na mtoto naye. Kisha watu wakaanza kusema kwamba Costancia alibadilisha vikopo vya makohozi. Costancia, muuguzi aliyekupokea siku ile, ambaye mmeimba pamoja sauti ya pili tangu mkiwa wasichana kule Vidunda. Shemeji alikwenda kumfokea pale kituoni mbele ya wagonjwa. Simlaumu shemeji. Mke na mtoto wake walikuwa wagonjwa.

Daktari alituita ofisini, Costancia na mimi. Costancia alikuja na daftari lake. Daktari aliniagiza kwanza nikaangalie kompyuta. Nilikwenda mezani kwangu, na haikuchukua hata robo saa.

Programu ilipotoka Mikumi kwenda Zombo, bado ilikuwa imeshika kuki ya Mikumi. Tovuti haikuuliza neno la siri kwa sababu iliona ni mtu yuleyule wa Mikumi amerudi. Ndiyo maana iliingia haraka. Ikaombwa namba kumi na saba, ikatoa namba kumi na saba ya Mikumi, mtu mwingine kabisa, mzima. Kila kituo huanza kuhesabu upya kila mwezi, kwa hiyo namba zinafanana. Jibu lako halisi, lililosema vimelea vipo, lilikuwa limekaa kwenye ukurasa wa Zombo tangu Ijumaa ile, wala hakuna aliyelifungua, maana programu ilihesabu kwamba limeshatumwa. Ilitakiwa mstari mmoja tu wa kufuta kuki za Mikumi kabla ya kwenda Zombo. Sikuuandika.

Hilo ni kosa, dada, na labda kosa ungelisamehe. Sasa soma ninachoshindwa kukuambia kwa mdomo.

Nilirudi ofisini. Costancia alikuwa amesimama, kidole chake kiko kwenye mstari wa jina lako. Daktari akaniuliza, "Lucas, kompyuta inasemaje?" Nikamjibu, "Kompyuta iko sawa, Daktari."

Nilisema hivyo huku najua. Sikuwa nimechanganyikiwa wala sikutishwa na mtu. Costancia alinitazama, nadhani alifikiri nitaongeza neno. Sikuongeza. Akafunga daftari, akaliacha mezani, akatoka. Kesho yake alisimamishwa kazi, akarudi kwa wazazi wake, kijiji cha Ulaya hukuhuku Kilosa.

Tangu hapo sijui kukaa. Chakula nakula nimesimama. Mwezi uliopita uliponiambia kwenye simu kwamba hata ukikutana naye njiani huwezi kumsalimia, niliitikia, nikasema pole dada. Nilipokata simu nilitembea mpaka miguu ikauma.

Jumapili nilikodi bodaboda mpaka Ulaya. Nilimkuta anapukuchua mahindi na mama yake. Nilimweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Aliniambia nirudie, safari hii nimgeukie mama yake. Nikarudia. Mama mtu aliinuka akaingia ndani. Costancia akaendelea kupukuchua, kisha akaniuliza, "Umemwambia Magdalena?" Nikasema bado. Akasema, "Miezi miwili nimekuwa najiuliza kama kweli nilichanganya vikopo. Nimekuwa naota vikopo. Nenda kamwambie Magda, kisha uje useme palepale nilipofokewa. Msamaha tutazungumza baadaye, kama tutazungumza."

Jumatatu nilimweleza Daktari. Akaniuliza ni majibu mangapi mengine yaliyokosewa. Nilimwonyesha kumbukumbu za siku ile, na amempa mtu mwingine azikague, kwa kuwa neno langu halitoshi tena. Kazi yangu inaisha tarehe thelathini. Amempigia Costancia kumwomba arudi. Costancia amejibu kwamba hatarudi kabla mimi sijasema mbele ya watu.

Kwa hiyo Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, nitasimama kwenye baraza la kituo cha Zombo, mbele ya watakaokuwa wamekuja kutibiwa, na nitasema kwamba Costancia hakubadilisha kitu, kwamba ilikuwa programu yangu, na kwamba nilijua nikanyamaza. Nilitaka wewe usije ukalisikia pale pamoja na watu wengine. Barua hii nampa Ashrafu wa bodaboda leo hii, nimemwomba akukabidhi mkononi mwako mwenyewe.

Msomee shemeji. Akitaka kuniambia lolote Jumamosi, nitamsikiliza mpaka amalize. Yunis asiambiwe kwa sasa, nitamweleza mwenyewe akikua, nimeshajiahidi hilo. Wasalimie majirani wote, na Joha hapo ng'ambo ya kisima mwambie nashukuru anavyowapikia uji.

Usije kama kifua bado kinabana, jua la huko ni kali. Lakini ukija, dada, usisimame upande wangu kwa sababu umenilea. Simama na Costancia.

Ni mimi mdogo wako,
Lucas