Sharubu na Kandambili Zako

Mke wangu,

Natumaini goti la dada yako linapona, maana uliaga wiki mbili na huu ni mwezi wa tatu. Mimi mzima. Bomba la jikoni limeacha kuvuja lenyewe.

Habari kubwa ni Sharubu, yule samaki wangu mwembamba kama mkanda, mwenye ndevu sita. Tangu uondoke hatoki chini ya jiwe. Nimelala kifudifudi mbele ya tangi na kamera hadi kiuno kikagoma, nikaambulia picha arobaini za jiwe.

Juzi kandambili zangu zilikatika, nikavaa zako. Kuingia tu sebuleni, pa, pa, pa, Sharubu akachomoka, akabandika mdomo kwenye kioo akingoja chakula. Kumbe! Wewe uliyeapa "ama samaki hao ama mimi" ulikuwa unamlisha kwa siri?

Picha imo humu kwenye bahasha. Huyo asiyenyoa ndevu, anayeonekana kwenye kioo cha tangi, ni mimi. Huyo naye, kama Sharubu, hushtuka kwa furaha akisikia kandambili hizo, kisha anakumbuka kwamba amezivaa mwenyewe.

Wako, visigino nje,
Mumeo