Nataka Spika Ndogo, Kaka Amenichagulia Sabufa

Bu Wuryan, mama mshauri wetu wa kila Ijumaa,

Samahani kwa kukusumbua kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini nimelibeba peke yangu mpaka nimechoka, na naomba ubadilishe majina kwa sababu kijijini kwetu gazeti moja husomwa na nyumba tano.

Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari huku milimani juu ya mji wa Blitar, na si mzungumzaji, darasani wananijua zaidi kwa kisogo maana muda mwingi nimeinamia kitabu. Shangazi alipopata kompyuta mpya alinipa ile yake ya zamani, na mwalimu wetu wa muziki akanijazia humo nyimbo nyingi za keroncong zilizorekodiwa zamani, zile za filimbi na fidla na magitaa mawili madogo yanayopokezana, na tangu hapo nikimaliza masomo jioni nazisikiliza, na mama anayeshona sebuleni husogeza cherehani yake karibu na mlango wangu bila kusema kitu. Tatizo ni kwamba sauti ya kompyuta yenyewe ni kama ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Kwa hiyo nimeweka akiba kwa kuwafundisha hesabu watoto wa jirani, imefika rupia laki nne, na ninataka spika za kuweka mezani, za kusikilizia muziki tu, si za kutikisa nyumba.

Sikujua nianzie wapi, nikamuuliza kaka yangu, Mas Wibi.

Mas Wibi ana miaka ishirini na miwili na anafanya kazi kwenye malori ya sauti, yale tunayoyaita horeg, unayajua Bu, maspika yamepangwa mpaka yanapita paa la nyumba, na yakipita barabarani vioo vinalia na vigae vinacheza na watoto wanayakimbilia. Yeye hutembea kando ya lori kuangalia nyaya, gwaride zima, tangu asubuhi. Baba kabla hajaenda kufanya kazi Malaysia alimwambia mbele ya wageni kwamba ameacha shule ili awe punda wa maspika, na tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani aliyemwomba ushauri wa chochote, hata wa kubadilisha balbu. Kwa hiyo nilipomuuliza kuhusu spika, Bu, uso wake ulibadilika, alizima sigara, akakaa chini, akaniuliza chumba changu kina upana gani na ukuta ni wa matofali au wa mbao, na nikaona kwamba nimempa kitu ambacho alikuwa anakingoja kwa muda mrefu.

Jumapili akanipakia kwenye pikipiki mpaka dukani kwa Koh Liang, ambaye huuza vyombo vya umeme sokoni. Mimi nilikuwa nimeona spika mbili ndogo za rangi ya kahawia juu ya rafu, lakini Mas Wibi alikwenda moja kwa moja kwenye sabufa, boksi moja kubwa jeusi lenye taa za bluu na vispika viwili vidogo kama viberiti, akaiwasha, akanishika mkono akauweka juu ya boksi linalonguruma.

"Unaisikia hiyo, Dik, mdogo wangu? Hiyo ndiyo spika."

Nikamwambia kwa upole kwamba chumba changu ni cha kusomea. Koh Liang akasema nisiwe na wasiwasi, nikiichukua hiyo majirani watahama wenyewe na nitapata nafasi ya kusoma. Wakacheka wote wawili. Nikaomba aweke wimbo wangu mmoja niliouleta kwenye simu, ule unaoanza na filimbi peke yake, juu kabisa, kabla ya vyombo vingine kuingia. Koh Liang akauweka. Mas Wibi akainamisha kichwa akasikiliza, akasubiri, kisha akatabasamu.

"Mbona huyo mpiga filimbi haanzi? Amekwenda kunywa kahawa?"

Filimbi ilikuwa inapiga, Bu. Koh Liang akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Labda vile vispika vidogo vilikuwa vibovu, au labda ni kelele za soko, sijui, sitaki kumsema vibaya kaka yangu, ni kweli siku hizi anasema mama anaongea kama ana wali mdomoni na anatuomba turudie rudie maneno, lakini anafanya kazi sana na amechoka.

Basi akaniuliza kama tuchukue hiyo sabufa. Nikajibu "inggih", ndiyo ya heshima, kwa sauti ya chini kabisa, vile mdogo anavyomjibu mkubwa wakati moyo hautaki, na nilidhani ataelewa, kwa sababu kila mtu kwetu huelewa. Hakuelewa. Akamwambia Koh Liang aiweke pembeni, tutakuja kuichukua Jumapili ijayo, na njiani alikuwa anaimba. Jioni nikajaribu tena jikoni, nikasema labda ni kubwa kwa meza yangu, akajibu "vizuri, vizuri" kana kwamba nimemshukuru. Tangu hapo anawaambia rafiki zake kwamba mdogo wake msomi amemwachia yeye achague.

Nikikataa, nitakuwa mtu wa pili baada ya baba kumwambia kwamba kazi yake haimfundishi kitu. Nikikubali, filimbi itazikwa chini ya ule mngurumo na mama atarudisha cherehani sebuleni. Nifanye nini? Na kama utasema nikatae, tafadhali niambie pia mtu mwenye laki nne anachaguaje spika, maana simjui mwingine wa kumuuliza.

Anayesikiliza Mlangoni


Nduk, binti yangu Anayesikiliza Mlangoni,

Barua yako nimeisoma nikaipenda, kisha nikakukasirikia kidogo. Nianze na spika, maana hilo ni jepesi.

Umechagua vizuri kabla ya kuuliza. Kwa muziki wa filimbi na nyuzi, na kwa chumba kidogo, chukua jozi, moja kushoto na moja kulia, zile zenye plagi ya ukutani. Boksi moja kubwa lenye taa linakula fedha yako kwenye taa na mngurumo, na kinachobaki kwa ajili ya sauti ya mtu anayeimba ni kidogo. Namba kubwa za wati zilizobandikwa kwenye kadibodi usizisome kabisa. Gonga boksi la spika kwa kifundo cha kidole: likilia kama kopo, rudisha, likijibu kizito kama mlango wa mbao, endelea. Peleka wimbo uleule unaoujua na uanze kwa sauti ndogo, kwa sababu spika mbaya hujificha ndani ya kelele. Kisha simamisha wimbo, ongeza sauti, usogeze sikio, na ukisikia mvumo wakati hakuna kinachopigwa, achana nazo. Za mkono wa pili si aibu, ila kagua ule mpira unaozunguka uso wa spika, ukiwa umepasuka usinunue hata kwa nusu bei. Nyumbani zitenganishe kwa umbali kama ule ulio kati yako na meza, usizisukume kwenye kona, na ziinue mpaka usawa wa masikio. Vitabu unavyo, weka chini yake vile vinene usivyovipenda.

Hayo yamekwisha. Sasa tuje kwenye jambo ulilolipitisha haraka haraka katikati ya barua ukitumaini nami nitalipita.

Spika za Koh Liang hazikuwa mbovu. Soko halikuwa na kelele kuliko siku nyingine. Wewe uliisikia filimbi, Koh Liang aliisikia, na kaka yako alikuwa anaingoja. Kijana wa miaka ishirini na miwili anatembea siku nzima kando ya ukuta wa maspika, anamwona mama yake kama ana wali mdomoni, anachagua spika kwa kuigusa kwa mkono, nawe unaniambia amechoka. Mimi si daktari na sitakuambia ana nini. Nakuambia apimwe masikio, na apimwe kabla magwaride ya Agosti, ya sikukuu ya uhuru, hayajaanza. Kituo cha afya watampa barua ya kwenda kwa daktari wa masikio. Mara nyingi kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinalindwa, na kwa kazi yake kila wiki ina uzito.

Najua kwa nini uliinamisha macho. Hukutaka awe na aibu mbele ya muuza duka, na umelelewa vizuri. Lakini hebu fikiri. Kwetu mdogo hasemi hapana. Anasema ndiyo kwa sauti iliyofifia, na kukataa kwake kumo katika kule kufifia. Wewe umemkatalia kaka yako mara mbili, dukani na jikoni, na mara zote umemkatalia kwa sauti ambayo pengine haimfikii. Hakukupuuza, Nduk. Alichokipata yeye ni ndiyo tu.

Kwa hiyo heshima ile umeitumia ya kutosha, sasa iweke pembeni. Usingoje Jumapili. Leo jioni mketishe sebuleni, zima redio, mtazame usoni ili aone midomo yako, na umwambie: "Mas, sitaki sabufa. Na ile filimbi ilikuwa inapiga tangu mwanzo wa wimbo." Usiongeze labda wala samahani, ongeza tu kwamba akapimwe masikio. Kisha mwombe msaada wa kweli, si wa kumfurahisha: aje akupangie nyaya, akuambie ukuta wako wa mbao utafanya nini na sauti, akutafutie jozi nzuri ya mkono wa pili kwa watu anaowajua. Hayo anayajua kuliko wewe na kuliko mimi, na kuyajua huko hakujapotea. Na akiwa kazini avae vizibo vya masikio, navyo vinunuliwe na mwenye malori. Anayemudu kujaza lori maspika hawezi kushindwa na hivyo. Asipotaka, nunua wewe, hata ikibidi uchukue spika za bei ya chini kidogo.

Kaka yako atacheka kwanza. Atasema ni nta tu masikioni, atasema wasomi wana hofu nyingi, pengine atatoka nje avute sigara. Mwache avute. Akirudi, mwambie tena, kwa sauti inayofika mpaka jikoni. Mama yako akija kuuliza kuna nini, mpishe kiti akae, kisha urudie mara ya tatu mbele yake.