Jina la Bibi Aliyefungiwa Mangapwani

Mji Mkongwe, 4 Mei 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Sijui wewe na mguu wako. Nakuandikia kwa kuwa simu unaipokea mbele za watu.

Jana nilipeleka darasa langu Mangapwani, kwenye chumba cha watumwa. Mtembezaji wetu, Mkadam, akasema waliofichwa humo walikuwa watu wa bara, hawajulikani. Nikasema, "Mmoja anajulikana. Faida, bibi yake bibi yangu." Wanafunzi wote wakanigeukia.

Bibi alinambia kabla hajafa, Mama. Nawe ulikuwa unajua.

Mwanao, Nassra

Mkokotoni, 11 Mei 2024

Mwanangu Nassra,

Marahaba. Mguu unapoa, moyo ndio mgonjwa.

Maneno yako ya Mangapwani yamefika mpaka huku, umetuvua nguo. Miaka yote hapa tunajulikana Washirazi, damu ya Uajemi. Leo sokoni watu wananitazama miguuni kana kwamba wanatafuta alama ya mnyororo. Bi Ummkulthum kaja. Kasema mwanawe Junaid haoi kizazi cha mtumwa, ila ukija Ijumaa useme mbele ya wazee kuwa ulikosea, harusi ipo pale pale.

Neno moja tu, mwanangu.

Mama yako

Mji Mkongwe, 19 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Mguu vipi? Mimi siha ninayo.

Ijumaa sikuja, na sitokuja. Junaid alinifuata skuli. "Mridhishe mama tu, Nassra. Ukweli tutaujua mimi na wewe." Nampenda, usidhani simpendi. Nikavua pete, nikamtilia mkononi. "Mwenye kuona haya ni aliyekichimba kile chumba," nikamwambia, "si mtoto aliyeshushwa ndani." Kengele ikalia, nikafuta macho, nikaingia darasani.

Wewe ndiye uliyenifunza kuwa mficha uchi hazai. Ukinikataa nitaumia, lakini bibi sitomkana.

Mwanao, Nassra

Mkokotoni, 2 Septemba 2024

Mwanangu,

U mzima? Unakula? Nisamehe kimya changu. Barua tano nimeanza, zote nimezichana.

Jana nilikwenda Mangapwani peke yangu. Ngazi nimezishuka kwa makalio, mguu haukunitii. Mkadam akaniuliza, "Bi mkubwa, umekuja kutembea?" Nikamjibu, "Bibi yake mama yangu alifungiwa humu." Nilisema chini chini. Nikarudia kwa nguvu, hata wageni waliokuwa juu wakachungulia.

Niliporudi nikapita kwa Bi Ummkulthum. Sikuingia ndani, nilisimama barazani, majirani wanasikia, nikamwambia maneno yale yale. Kisha nikashika njia ya nyumbani.

Sasa sikiliza ambalo bibi yako hakukwambia. Faida ni jina alilopewa na aliyemnunua. Alilokuja nalo kutoka Nyasa ni Nambewe. Mama alinipa mimi ili nilihifadhi, nami kwa woga nimelificha miaka arubaini. Waandikie wanafunzi wako ubaoni, kwa herufi kubwa, na atakayeuliza nani kasema, mtaje mama yako.

Mama yako Mwanamwema, kitukuu wa Nambewe