Inchi Mbili Nukta Tisa

Gisenyi, Jumatano, Machi 1956

Mvua imekatika saa sita, ziwa limebaki rangi ya majivu, na mkono wangu wa kuume umevimba kwa sababu jana nilimvunja mtu vidole. Kalamu inauma nikiishika. Acha iume.

Mtu mwenyewe ni Sadiki, mume wa dada yangu Zaina na dereva wa gari langu. Tunaitana muramu, yaani shemeji kwa Kinyarwanda, na mpaka jana neno hilo lilikuwa tamu mdomoni.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwani yanagongana.

Mimi ni fundi wa nguo. Miaka kumi na miwili nimekanyaga cherehani barazani hapa Mbugangari, na gari nimelinunua kwa suruali na kanzu za watu. Hakuna aliyenishika mkono. Siku nilipolileta, madereva pale sokoni waliuliza kama nitalishonea vifungo. Waliocheka walikuwa saba, na sura zao zote ninazo.

Sasa, njia ya Cyanzarwe imejaa makoro, yale mawe meusi ya volkano. Mwaka huu yameshatoboa tumbo la gari mara mbili, mafuta ya injini yakaishia chini. Nikaamua kuliinua. Nilipata rimu nne za inchi kumi na sita, kubwa kuliko zangu za kumi na tano, matundu ya nati yanalingana. Ikabaki kuchagua tairi. Muuzaji wa Goma alikuwa na saizi mbili, 6.00 na 7.00, ndio upana wake kwa inchi.

Hesabu niliifanya juu ya karatasi ya kukatia nguo, bado ninayo. Kwenye tairi hizi kimo cha mpira ni karibu sawa na upana wake, na unakihesabu mara mbili, juu na chini ya rimu. Gurudumu la zamani, lenye tairi ya 6.40: rimu 15, jumlisha 6.40 mara mbili, ni 27.8. Ile 6.00 kwenye rimu mpya: 16 na 12, ni 28. Yaani lilelile, gari lisingepanda hata unene wa kidole. Ile 7.00: 16 na 14, ni 30. Tofauti 2.2. Nusu yake, 1.1, ndicho kimo gari litakachopanda, na ndiyo nafasi itakayopungua kati ya tairi na madigadi. Nikachukua utepe wangu wa kushonea, nikapima nyuma, toka tairi la zamani mpaka ukingo wa madigadi. Inchi nne kamili. Toa 1.1, zinabaki mbili nukta tisa. Nafasi ya kulaza kiganja! Hata saa ya mwendo niliipigia hesabu: ikisema hamsini, ujue unakimbia hamsini na nne.

Nikachukua 7.00.

Sadiki alitaka 6.00. Alisema mlimani gari litakosa pumzi, breki nazo zitachoka. Kila neno nililijibu kwa namba, mbele ya watu, Jumapili iliyopita tukifunga magurudumu. Nilikuwa nafurahia, nakiri. Mwisho akafuta mikono na kitambaa, akasema taratibu:

"Gari haibebake hewa, muramu. Utaona."

Mimi nilisikia hiyo "utaona" tu.

Jana, akitelemka kutoka Cyanzarwe na abiria sita na magunia manne ya maharage, tairi la nyuma kushoto lilipasuka kwa mlio wa bunduki. Gari likayumba, likapiga ukingo wa barabara. Mama mmoja alipasuka paji la uso, damu ikalowesha magunia. Hakuna aliyekufa. Sadiki akafunga gurudumu moja la zamani alilobeba kama akiba, akawafikisha watu wake, akaingia uani saa tisa alasiri, shati lote limetapakaa damu ya yule mama.

Sikuuliza habari ya mama. Niliuliza tairi.

Begani mwa tairi kulikuwa na mpasuo ulionyooka, mrefu kama shibiri. Mimi nakata vitambaa, naujua mkato wa chuma chenye makali. Nikakumbuka "utaona". Nikasema huyu amelitia kisu ili maneno yake yawe ya kweli. Hata sikumaliza kufikiri. Ufunguo wa nati ulikuwa chini, na mara ukawa mkononi.

Nilimrushia mapigo matano. La kwanza begani. La pili mgongoni, alipogeuka. La tatu na la nne yalitua kwenye mkono wa kuume aliojikinga nao kichwa, na la nne nilisikia mfupa ukilia kama kijiti kikavu. La tano lilikuwa la kichwa. Lilimkosa kwa sababu alianguka, likapiga mlango wa gari, na bonde lake lipo pale, kina chake nusu inchi. Nikilitazama naona fuvu.

Yeye hakunirudishia hata moja. Majirani walinikamata kiuno, watatu, na bado niliwaburuta.

Na nilisikia raha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Leo asubuhi nikasema, bon, gari nitaliendesha mwenyewe, dunia ijue tairi zangu hazina kosa. Gurudumu la zamani lilikuwa bado limefungwa nyuma kushoto. Kulia kulikuwa na 7.00. Nikapakia abiria sita na magunia manne, mzigo uleule, ili asipatikane wa kusema nimependelea. Nikawasha. Kwenye mfereji wa mlango wa ua gari lilizama kidogo, na nyuma kulia nikasikia mlio ninaoujua kuliko wote: kitambaa kinachoraruka.

Nikashuka. Nikajaribu kuingiza kidole kati ya tairi na madigadi. Hakikuingia. Nikapapasa chini ya ukingo, nikagusa kichwa cha bolti kilichochomoza kwa ndani, kina makali, kimepakaa mpira mweusi. Na begani mwa tairi kulikuwa na mpasuo ulionyooka. Mfupi bado. Ndugu wa ule wa jana; kushoto nako nikakuta bolti kama hiyo.

Nilikaa chini kwenye tope.

Dirishani mwa gari alichungulia Mama Feruzi, mmoja wa abiria, muuza samaki, ambaye mumewe namshonea. Alitazama tairi, akanitazama, na kwa sauti ya kusikika na wote akasema:

"Fundi, bwana yangu ukimupimaka suruali, unamwambia aikale kwanza, tumbo ishuke. Hii gari uliipima imesimama?"

Ua mzima ukacheka. Ufunguo wa nati nilikuwa nao tena, na mkono ulinyanyuka wenyewe. Niliona macho ya Mama Feruzi yakiufuata, kicheko kimemkwama mdomoni. Nikaushusha. Sijui niliushusha vipi. Hicho ndicho kinachonitisha leo kuliko hata mfupa.

Nikawashusha wote na magunia yao, nikapima. Nikawapandisha, nikapima tena. Gari likikaa na mzigo wake linashuka inchi tatu.

Mimi niliacha mbili nukta tisa.

Miaka kumi na miwili sijamkatia mtu suruali kabla hajakaa kitini mbele yangu. Gari nililipima tupu, limesimama, limevuta tumbo ndani kama bwana harusi. Sadiki aliniambia Jumapili. Aliniambia kwa maneno manne.

Saa nane nilikwenda kwao, ufunguo mkononi, mvua ikiwa imekatika. Zaina alinikuta mlangoni. Sikumaliza salamu. Alinizaba makofi matatu, niliyahesabu, la tatu kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kuume ulishachoka. Kisha akaniuliza kama jana nilimpiga mumewe mlangoni, faraghani. Nikasema hapana, uani, mbele ya watu. Akaniuliza basi hapa mlangoni natafuta nini. Alisema akiona nanyamaza atafunga vitu vyake, atavuka mpaka aende Goma na mumewe, na mtoto wao hatanijua jina.

Tukarudi uani kwangu, wote watatu. Sadiki alitembea mbele, mkono umefungwa vijiti na bendeji, vidole viwili havionekani. Nikasimama pale alipoangukia. Nikawaita majirani, hata wale watatu walionikamata. Nikasema namba zote kwa sauti: 27.8, 30, nne, mbili nukta tisa, tatu. Nikawaonyesha bolti. Nikasema kisu hakikuwepo, muramu wangu alinikataza, na mimi nimemvunja kwa kosa langu mwenyewe. Mama Feruzi hakucheka safari hii.

Kisha nikampa Sadiki ufunguo. Nikamwambia yalikuwa matano, hesabu. Nikafumba macho.

Aliushika kwa mkono wa kushoto. Nilimsikia akiupimapima uzito.

"Hapana," akasema. "Mukono ya kushoto haina nguvu. Dispensari wamesema wiki sita. Ile ya kuume ikipona, muramu, tutaonana."

Akaondoka na ufunguo. Zaina alimfuata bila kugeuka.

Lakini hawajafunga vitu. Nimepita kwao saa kumi hii, nimeona nguo za mtoto zimeanikwa uani.

Kesho nafungua zile rimu kubwa tatu zilizobaki na kurudisha za kumi na tano, kisha bolti zote mbili nazikata kwa tupa. Nati itanibidi kuziazimia ufunguo kwa mtu mwingine. Hayo yote ni rahisi.

Wiki sita ni siku arobaini na mbili. Nimemwomba Mungu mkono wa Sadiki upone sawasawa, vidole vyote vikunje, viwe na nguvu ya kushika usukani na ya kushika chuma. Nimeomba kwa moyo wote, na najua ninachokiomba.

Kesho ni ya kwanza.